Betri ya zinki ndani ya rojo la mwani: kisa cha taa ya dagaa Pemba

Usiku wenyewe ulikuwa wa giza, mwezi haujatoka, ndio usiku wa dagaa. Boti ilikuwa nje ya Tumbe, taa zinawaka, nyavu bado haijatupwa. Nahodha anasema alianza kusikia harufu kama ya rangi ya kucha, kisha akaona moshi mweupe unatoka kwenye ndoo ya betri. Hakungoja. Alivua fulana, akaizungushia mkononi, akaikamata ndoo kwa mpini na kuitupa baharini pamoja na taa iliyofungwa nayo. Kijana aliyekuwa karibu alibaki na malengelenge mawili kwenye kiganja. Asubuhi yake alinikuta nafagia mbele ya banda langu la ufundi hapa Konde.

"Fundi," akaniambia, "ile taa yako ilitaka kutuchoma katikati ya maji."

Pakiti ile niliifunga mimi. Nalisema mapema ili msomaji asitafute mchawi mwengine. Seli zake zilitoka kwenye betri kuukuu za laptopu, zile za duara zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Nilizipima moja moja, nikachagua zilizobaki na nguvu, nikazifunga kwa mkanda wa plastiki, nikaziba kwa gluu ya moto na kuzitia kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko. Kwa taa ya barazani kazi ile ingetosha. Kwa bahari haikutosha, na kisa hiki ni cha tulichofanya baada ya hapo watu watatu: mimi, Maalim mmoja anayesomesha kemia skuli ya sekondari, na shangazi yangu mkulima wa mwani.

Ndani ya ndoo

Pakiti iliyotupwa hatukuiona tena, lakini ilikuwa na pacha wake kwenye boti ya ndugu yake nahodha. Niliiomba, nikaifungua juu ya sinia lililojaa mchanga. Gluu ilikuwa imebanduka. Mchana ndoo hukaa juani na hewa ya ndani hutanuka. Usiku hupoa na kuvuta hewa ya bahari kupitia nyufa zile zile. Kwenye ncha chanya za seli mbili kulikuwa na kutu ya kahawia, na pale nilipolehemu waya wa shaba kulikuwa na ukoko wa kijani. Chumvi ilikuwa imejenga daraja kutoka ncha moja hadi nyengine. Daraja kama hilo huanza kwa kupitisha umeme kidogo usioonekana, halafu joto, halafu plastiki inayeyuka na chuma kinagusana na chuma.

Mpaka hapo kosa ni la ufungaji, na mtu angeweza kuniambia nifunge vizuri zaidi yakaisha. Maalim hakuridhika na jibu hilo. Aliuliza kwa nini betri iliyoingia maji ya chumvi isife tu kama redio inavyokufa. Jibu liko kwenye kilichomo ndani. Seli ya lithiamu haina tone la maji. Umajimaji wake, yaani elektroliti, ni vimumunyisho vya kaboneti ambavyo vinashika moto, na ndani yake mna chumvi ya lithiamu yenye florini ambayo ikikutana na maji hutoa asidi ya haidrofloriki. Seli ikipata joto kupita kiasi, ngozi nyembamba inayolinda upande hasi huvunjika, vitu vya ndani huanza kulana vyenyewe, kila hatua ikiongeza joto la hatua inayofuata. Moto wa namna hiyo hauhitaji kuchochewa.

Tulikaa na nahodha kibarazani tukamueleza haya. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa sharti ambalo nimeliandika ukutani kwa chaki: "Mie sitaki betri isiyoharibika. Nataka ikiharibika, iharibike peke yake."

Zinki tuliyoizoea

Maalim alipotaja zinki nahodha alicheka, maana yeye zinki anaijua kwa kazi nyengine. Kila mwenye mashine ya boti anakijua kile kipande cha zinki kinachofungwa karibu na pangaboi ili bahari ikile chenyewe na kuiacha mashine. Zinki ni chuma kinachotoa elektroni zake bila kubembelezwa, na ndiyo sababu hiyo hiyo inayoifanya iwe betri nzuri. Gamba la betri ya tochi ni zinki. Mfaransa Georges Leclanché alitengeneza babu wa betri hiyo mwaka 1866, zinki upande mmoja, manganizi dioksaidi upande wa pili, na maji ya kloridi ya amonia katikati. Waliokuja baadaye walitaka isimwagike, wakautia ule umajimaji unga na wanga mpaka ukawa mzito. Kwa hiyo wazo la kuweka elektroliti kwenye uji ni la zamani kuliko redio. Ila ile betri ikiisha imekwisha, haikuumbwa kuchajiwa.

Ya kuchajika ilihitaji chumvi nyengine. Mwaka 1986 Wajapani Yamamoto na Shoji walionyesha kuwa zinki na manganizi dioksaidi vikiwekwa kwenye maji ya zinki salfeti, ambayo yana uchachu mdogo tu, vinakwenda na kurudi. Gramu moja ya zinki inaweza kubeba miliampea-saa 820. Na kilichotuvuta sisi zaidi ni kwamba kimiminika chake ni maji. Maji hayashiki moto.

Seli ya kwanza tuliifunga ndani ya kopo, bila rojo lolote. Zinki tuliikata kwenye gamba la betri ya tochi, tukaisugua kwa msasa. Upande wa pili ulikuwa ule unga mweusi wa ndani ya betri hiyo hiyo, ambao tuliuosha kwa maji ya mvua mara nyingi kuondoa chumvi zake, tukaukandamiza juu ya kipande cha grafaiti. Kazi ya unga mweusi ilifanyika bandani kwangu kwa glavu, na hakuna chombo chake kilichorudi jikoni kwa mtu. Katikati tuliweka karatasi ya chujio iliyolowa zinki salfeti, ile inayouzwa maduka ya pembejeo. Kwa lita moja ya mchanganyiko wa moli 2 (moli ni kipimo cha wanakemia cha wingi wa kitu) zinahitajika gramu 575 za chembe zake nyeupe; sisi tulitengeneza mililita 200, gramu 115. Maalim akaongeza manganizi salfeti kidogo, kwa sababu bila hiyo upande mweusi huyeyuka polepole kila betri inapotumika.

Mita ilisoma volti 1.45. Iliwaka, ikachajiwa, ikawaka tena, na siku tisa zikapita bila lalamiko. Siku ya kumi volti ilianguka ghafla hadi karibu na sifuri.

Tuliifungua mezani kwa Maalim, tukaiangalia kwa kioo cha kukuzia. Karatasi ilikuwa imetobolewa na vipande vyembamba vya zinki vinavyong'aa, vimesimama kombo kama makuti ya paa lililopigwa na upepo. Kando yake mlikuwa na ukoko mweupe unaokatika kwa kucha. Na mfuniko wa kopo ulikuwa umevimba.

Mambo matatu, lakini yana mama mmoja. Ioni ya zinki, yaani chembe ya zinki iliyokwisha kutoa elektroni zake, haitembei peke yake ndani ya maji. Hutembea na molekyuli 6 za maji zilizoizunguka, kama bibi harusi na wapambe wake. Ikifika kwenye sahani wakati wa kuchaji lazima iwaache wapambe mlangoni ndipo iingie. Maji yale, yaliyokwisha kulegezwa na chaji ya zinki, ni rahisi kuvunjika. Yakivunjika hutoa haidrojeni, ndiyo iliyovimbisha mfuniko, na huacha hidroksaidi, ambayo hujiunga na zinki na salfeti kuwa ule ukoko mweupe. Ukoko haupitishi umeme, kwa hiyo zinki inayofuata hutafuta mahali palipobaki wazi na kurundikana hapo. Ikishapata ncha moja iliyochomoza, ioni nyengine zote huivamia ncha hiyo kwa kuwa iko karibu zaidi. Ndivyo yanavyoota matawi, wanayoyaita dendraiti, mpaka yatoboe na kugusa upande wa pili.

Ugomvi wetu basi ulikuwa na maji yaliyo huru kupita kiasi. Shangazi, ambaye alikuja kuleta uji, ndiye aliyetupatia mfano ambao naendelea kuutumia bandani. Toboa dafu, maji yanamwagika. Lakini ile nyama laini inayokombwa kwa kijiko nayo karibu yote ni maji, na haimwagiki. Tulichokitaka sisi ni nyama ya dafu.

Jikoni kwa shangazi

Wenye maabara wameshafika mbali katika hili. Mwaka 2018 kundi la Chunyi Zhi la City University of Hong Kong lilionyesha betri ya zinki yenye jeli ya jelatini na poliakrilamaidi, wakaikata, wakaigonga kwa nyundo, nayo ikaendelea kufanya kazi. Sisi hatukuweza kufuata njia hiyo. Akrilamaidi kabla ya kuungana ni sumu ya neva; si kitu cha kuchezea kwenye banda lisilo na feni ya kutoa hewa. Jelatini nayo shangazi aliikataa kabla sijamaliza sentensi, kwa kuwa haijulikani imetoka kwa mnyama gani na sufuria ni yake. Nilimwambia betri hailiwi. Akanijibu sufuria inaliwa.

Ikabaki mwani, ambao nyumbani kwake haukosekani. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Unguja upande wa mashariki mwaka 1989, kikaenea Pemba, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Wenyewe wanaujua kwa majina mawili: mwani mnene, ambao wanunuzi huulipia zaidi lakini bahari ikipata joto hufa, na mwani mwembamba, ambao huvumilia na bei yake ni ya kusikitisha. Yote miwili hutoa karajinani, ile rojorojo inayotiwa kwenye dawa ya meno na maziwa ya chokoleti huko ng'ambo. Minyororo yake ya sukari imebeba vikundi vya salfeti vyenye chaji hasi: mwani mnene kimoja kwa kila jozi ya sukari, mwembamba viwili. Chaji hasi huivuta zinki na kuionyesha njia ya kupita. Minyororo pia huyashika maji, yakawa si huru kama mwanzo.

Tulianza na mnene, kwa tamaa, kwa sababu jeli yake ni ngumu. Maalim alikuwa anajua kwamba viwandani huchemshwa kwenye alkali ili ushike zaidi, na kwamba potasiamu huukaza. Shangazi akasema alkali yenye potasiamu anayo, maji ya jivu. Tulichemsha, tukachuja kwa kanga kuukuu, likatoka rojo safi la rangi ya chai. Kisha nikamimina zinki salfeti. Kufumba na kufumbua sufuria nzima ikawa nyeupe, mabonge yanaelea.

"Mmepata tui," shangazi akasema, akarudi kwenye kamba zake.

Kosa lilikuwa la wazi baada ya kutokea: maji ya jivu yana kaboneti, na zinki ikikutana na kaboneti au alkali huganda kuwa chenga nyeupe. Tulirudia, safari hii tukaosha vipande vya jeli kwa maji ya mvua siku nzima kabla ya kuvitia kwenye zinki salfeti. Vikabaki angavu. Lakini asubuhi kila kipande kilikuwa kimekaa kwenye dimbwi lake dogo la maji. Jeli ya mwani mnene hutoa jasho; inapojikaza hukamua maji, na ukiikunja inakatika kama halua iliyolala. Maji tuliyokuwa tunataka yashikwe yalikuwa yanafukuzwa.

Mwembamba una tabia nyengine kabisa. Rojo lake ni laini, linavutika, likikatwa linajiunga, na halitoi jasho. Nilimwambia shangazi kwamba mwani wake wa bei ya chini ndio unaofaa. Alifurahi kwa nusu dakika, kisha akauliza kama mnunuzi naye anajua.

Mwani mwembamba tulikuwa tumeuchemsha ulivyo, bila jivu, na hapo tukaingia kwenye mtego mwengine. Mwani unatoka baharini na chumvi yake, na mimi kwa upande chanya nilikuwa nimetumia wavu wa chujio la chai la chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa una eneo kubwa. Baada ya siku nne rojo karibu na wavu lilikuwa na madoa ya rangi ya kutu, na chini ya kioo nyuzi za chuma zilikuwa zimechimbwa vishimo. Kloridi, iliyomo kwenye chumvi ya bahari, ndivyo inavyofanya. Chuma kile hakishiki kutu jikoni, lakini ukikiweka upande chanya ndani ya chumvi kinaliwa kwa ndani.

Kuanzia hapo Maalim alisimamia uoshaji kwa ukali wa siku ya mtihani. Mwani ulilowekwa, maji yakabadilishwa, ukalowekwa tena. Kila mara alichukua maji ya mwisho kwenye bomba la majaribio na kudondosha tone la nitrati ya fedha, ambayo ikikuta kloridi hufanya wingu jeupe. Mara ya kwanza lilifanya wingu zito kama maziwa. Mara ya tatu, ukungu. Mara ya sita nililiinua bomba kwenye mwanga wa dirisha nikaona maji matupu, na yeye akasema sasa tupike. Wavu wa chujio niliutupa, nikarudi kwenye karatasi ya grafaiti.

Pembeni

Seli zilizofuata zilikuwa nzuri kweli. Rojo lilikuwa na unene wa milimita mbili, limelala kucha kwenye zinki salfeti kabla ya kufungwa. Ukiigeuza kopo juu chini hakidondoki kitu. Nikadhani kazi imekwisha, nikamwambia nahodha aje mwisho wa wiki.

Wiki ya tatu zikaanza kufifia, moja baada ya moja. Nilitarajia kukuta matawi katikati ya sahani kama mwanzo. Katikati palikuwa pasafi, kijivu, laini kama kisahani cha bati. Matawi yalikuwa pembeni tu, yamezunguka kama ndevu.

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuliko siku zote, na ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo. Nilichukua kipande cha rojo cha gramu 20 nikakianika juu ya bati kuanzia asubuhi mpaka alasiri, kama mtu anayeanika karafuu. Kilirudi na gramu 9. Ndani ya kopo kukauka ni kwa polepole, lakini ni kule kule: rojo hupoteza maji kupitia kiungo cha mfuniko, linasinyaa, na kusinyaa huanzia pembeni. Pembe inajinyanyua kutoka kwenye zinki unene wa unywele. Hewa haipitishi ioni. Umeme uliokuwa unapita kwenye sahani nzima sasa unabanana kwenye eneo lililobaki linagusa, na pale penye mpaka, kati ya panapogusa na pasipogusa, ndipo ioni zinaporundikana. Matawi yakaotea hapo. Tulikuwa tumeshinda ugonjwa wa maji mengi, tukapatwa na ugonjwa wa maji machache, na wote unaishia kwenye mwiba ule ule wa zinki.

Dawa ya kwanza ilitoka duka la dawa: glisirini. Watu huipaka ngozi isikauke, na sababu ni hiyo hiyo, inayashika maji. Tulitia sehemu moja ya glisirini kwa sehemu nne za maji. Kipande cha majaribio kilirudi kutoka juu ya bati na gramu 14. Malipo yake ni kwamba ioni hupita kwa uzito zaidi, na taa ilipungua mwangaza kwa kiasi ambacho shangazi alikiona na mimi nilijifanya sikukiona.

Dawa ya pili ilikuwa kuziba, na kuziba ndiko kulikotugombanisha mimi na Maalim. Mimi nilitaka kuziba kabisa kwa silikoni. Yeye akanikumbusha haidrojeni. Rojo hupunguza utoaji wake, haliumalizi. Kopo lililozibwa kabisa linaloendelea kutoa gesi, ukilichaji usiku kucha na kulisahau, litapasuka, na haidrojeni ikikutana na cheche inawaka. Ndiyo maana sipendi ninapoambiwa kwamba betri ya maji "haina hatari". Haina ile hatari ya lithiamu; ina yake, ndogo, na inabidi uipe mlango. Mlango tulioutumia ni mpira mwembamba wa vavu ya baiskeli, umezibwa ncha moja na kupasuliwa kwa wembe ubavuni. Gesi ikisukuma kutoka ndani, mpasuo unafunguka. Ikisha, mpira unajifunga na mvuke haupiti. Wana kemia wana mpira kama huo toka zamani. Pia nilifunga chaja isipande zaidi ya volti 1.8 kwa seli, kwa maana juu ya hapo maji huvunjika kwa kasi.

Ndoo ya maji ya bahari

Nahodha alipokuja safari ya pili alikuja na ndoo ya maji aliyoyachota mwenyewe diko. Alitaka kuona kwa macho. Tulifunga seli tatu mfululizo, kama volti 4, zikawasha taa ndogo. Nikapiga msumari katikati ya moja. Taa ilififia, ikaendelea. Nikaikata pembe kwa mkasi wa bati. Ilibaki imeshikana, haikudondoka kitu. Nikaunganisha ncha chanya na hasi kwa waya. Baada ya dakika chache kopo lilikuwa vuguvugu, kiasi cha kikombe cha chai kilichosahauliwa. Mwisho akaitumbukiza yeye mwenyewe kwenye ndoo yake, akakaa mbali kidogo, tabia aliyoipata siku ile ya moshi. Vipovu vichache vilipanda. Taa ikawaka mpaka Magharibi, na asubuhi ilikuwa imezimika. Chumvi ya bahari ilikuwa imeingia ndani ya rojo na kuimaliza.

Iliharibika peke yake. Sharti la ukutani lilitimia, na hata hivyo betri hii haikupanda boti.

Hesabu ndiyo iliyokataa. Taa zake ni tatu za wati 10, kwa saa kumi za usiku, ni wati-saa 300. Seli yetu moja ina gramu 5 za manganizi dioksaidi, na kila gramu kwa uhalisia inatupa miliampea-saa 150 hivi. Ukizidisha kwa volti 1.35 unapata wati-saa moja. Angehitaji makopo 300. Seli za laptopu, hata kuukuu, zingetosha 40 na ushei. Kiwandani wanaweza kuifunga zinki kwa ubanaji zaidi kuliko mimi na mkasi wangu, lakini hata huko haitafika wepesi wa lithiamu. Inafaa palipo na sakafu: nyumba, skuli, zahanati, mahali ambapo uzito hauna mtu wa kuubeba.

Nahodha alinunua betri kavu ya risasi, ya volti 12, iliyotumika kidogo kwenye sola ya mtu. Ina kilo 15 hivi. Analalamika uzito kila wiki. Aliponiletea niikague nilicheka peke yangu, kwa sababu ilikuwa ya aina ya jeli: asidi yake imegandishwa kwa silika ili isimwagike. Rojo lilikwenda baharini, ila si letu. Pakiti za laptopu sizifungi tena kwa kazi ya boti, na mbili nilizokuwa nimeuza kwa wengine nilizifuata nikazirudishia fedha.

Siku hizi kuna wanaokuja bandani kuuliza "betri ya mwani". Nawaambia mwani hautoi umeme hata kidogo. Umeme ni wa zinki na manganizi, mwani kazi yake ni kushika maji. Wengine wanaondoka wamevunjika moyo.

Makopo matatu yako kwa shangazi. Wakati wa bamvua, maji yakitoka alfajiri, huamka saa tisa na nusu usiku kufunga mwani kwenye tai-tai, vile vikamba vya kufungia, kabla ya kuteremka pwani, na taa ya nusu wati inamtosha. Kwa hesabu ingewaka saa sita; inawaka nne na kitu. Juzi alinipigia simu kuwa imefifia, nikaenda na mita nikijua nitakuta rojo limeanza kunyanyuka pembeni tena. Nilimkuta ameshaipanga kivyake: makopo yamesimama bega kwa bega, juu ya mifuniko kuna kibao, na juu ya kibao ameweka jiwe la pwani. Taa ilikuwa inawaka vizuri. Nikaliondoa jiwe, ikafifia. Nikalirudisha, ikapanda. Nilichofanya nikabeba jiwe mpaka dukani kwa jirani, nikalipima: gramu 640.